Nauli Huamuliwa Siku Ndege Inapochaguliwa

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wafanyabiashara wa utalii na wanafunzi wa usafiri wa anga

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, wenye hoteli na mawakala wa safari, walimu na wanafunzi, hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie mashirika ya ndege ya nauli nafuu, hasa yale yanayozaliwa na mashirika makubwa kama kampuni tanzu. Nimeona ni heri nianze na lile mnalolijua, Jambojet, binti wa Kenya Airways, na nizitazame ndege zake kwa karibu kuliko nitakavyoyatazama matangazo yake. Nimefanya kazi ya kupanga na kutunza ndege kwa zaidi ya miaka thelathini katika kampuni kadhaa za eneo hili, na jambo moja nililojifunza huko ndilo nitakalolitetea leo: nauli ya abiria huamuliwa siku ndege inapochaguliwa. Tangazo la redioni, ofa ya sikukuu na rangi ya sare za wahudumu huja baadaye, na yote hutembea ndani ya mipaka iliyokwisha kuchorwa siku hiyo.

Jambojet ilianza kuruka tarehe 1 Aprili 2014, ikitoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret. Nauli za kuanzia zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa safari ya upande mmoja, na wengi wenu mnakumbuka jinsi habari hiyo ilivyopokelewa, kwa sababu wakati huo kupanda ndege kwenda Nairobi lilikuwa jambo la wakubwa wa serikali, wenye biashara na watalii. Mtu wa kawaida alipanda basi jioni, akafika asubuhi miguu imevimba. Kampuni iliwekwa chini ya uongozi wa Mholanzi, Willem Hondius, na kazi yake ilikuwa kumfikia msafiri wa basi.

Sasa angalieni ndege alizopewa. Mwezi uleule wa Aprili 2014, Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza, ndege mpya kabisa kutoka kiwandani, na sherehe zikafanywa. Binti yake alianza maisha na Boeing 737-300 zilizotoka kwa mama, ndege ambazo tayari zilikuwa zimefanya kazi kwa miaka mingi. Silaumu uamuzi huo kwa pupa. Mzazi anayemfungulia mtoto duka humpa kwanza kilichomo nyumbani, na ndege hizo zilikuwa na marubani wanaozijua, mafundi wanaozijua na vipuri vilivyo ghalani. Faida kubwa ya kuwa kampuni tanzu ni hiyo: siku ya kwanza huanzi na mikono mitupu. Lakini nguo ya mama humbana mtoto au humpwaya, na hii ilimpwaya.

Nieleze kwa hesabu ndogo ambayo wanafunzi wanaweza kuiandika. Tuseme asubuhi ya Jumanne, katikati ya mwezi, wasafiri wa Eldoret walio tayari kulipa ni 70. Ukiwapakia katika 737-300 yenye viti takriban 140, nusu ya ndege inaruka tupu. Ukiwapakia katika ndege yenye viti 78, tisa katika kila viti kumi vimejaa. Abiria ni walewale na fedha waliyolipa ni ileile, lakini ya kwanza imebeba tani nyingi zaidi za chuma, imekunywa mafuta mengi zaidi, na ada za kutua, ambazo hutozwa kwa uzito, zimekuwa kubwa zaidi. Meneja wa mauzo aliyekabidhiwa ndege ya kwanza atapandisha nauli kwa wachache waliopo, au atazishusha mno ili ajaze viti vilivyobaki. Njia zote mbili zinamfikisha kwenye hasara, hata awe hodari namna gani.

Zaidi ya hayo, njia fupi haziipi ndege ya jeti nafasi ya kuonyesha ubora wake. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa anga ni kama kilomita 420. Injini ya jeti hupata unafuu wake ikiwa juu sana, futi 35,000 hivi, ambako hewa ni nyepesi na ndege hupita bila kuhangaika. Katika safari yetu hii, inapomaliza kupanda inaanza kujitayarisha kushuka, na gharama kubwa ya kupanda haijapata muda wa kurudi. Ndege ya pangaboi huisukuma hewa nyingi kwa mwendo wa wastani, inaridhika na futi 20,000 na ushei, na kwa umbali kama huu hutumia mafuta pungufu sana kuliko jeti inayobeba idadi ileile ya watu. Dakika chache inazochelewa njiani hata msafiri hazihisi, kwa sababu alikwisha kukaa muda mrefu zaidi ya huo kwenye foleni ya ukaguzi.

Ndiyo maana nasema uamuzi mkubwa katika historia ya Jambojet ni ule wa kuziacha 737-300 na kuhamia kwenye Dash 8-400, zile ambazo jirani zetu wa Tanzania wanaziita Bombadia. Kampuni ilianza kuzitumia aina hizo mbili pamoja, kisha ndani ya miaka michache ikabaki na Dash 8 peke yake. Ni ndege iliyoundwa Kanada, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1998 na kuingia katika huduma mwaka 2000. Ina injini mbili za Pratt & Whitney Canada, PW150A, na kila injini inazungusha pangaboi lenye mapanga sita. Mwendo wake hukaribia kilomita 660 kwa saa, na miongoni mwa ndege za abiria za aina yake zinazotumika leo ni vigumu kuipata iliyo na kasi zaidi. Katika mpangilio wa Jambojet hubeba abiria 78, wote daraja moja.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa wako watu wanaoiogopa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka hapa Mombasa kwenda Nairobi na ndege ya namna hiyo. Aliyeketi kando yangu alikuwa mama wa makamo, amejitanda leso, mapajani ameshika mfuko wa mabuyu aliokuwa akiwapelekea wajukuu. Alitazama dirishani, akaliona bawa limepita juu ya kichwa chake na pangaboi limesimama kimya, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, hii ndege ni nzima? Mbona ina mapangaboi? Si ndege za kale hizi?” Nilimjibu kwamba jeti aliyoiona imeegeshwa upande wa pili ilikuwa na umri mkubwa kuliko hii tuliyopanda. Hakusadiki mara moja. Tuliporuka nilimwonyesha gurudumu likijikunja na kuingia ndani ya nyumba ya injini, milango yake miwili ikifumba nyuma yake, na kwa kuwa bawa liko juu alikuwa akiviona vyote hivyo bila kizuizi, pamoja na Kilindini nzima na meli zake. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za ukale. Aliuliza tu kama wakati wa kurudi angeweza kupata dirisha lilelile.

Nawaomba wenye hoteli na mawakala mnaowashauri wageni mlichukue jambo hilo. Pangaboi halimaanishi uzee. Injini ya ndani ni ya tabini kama ya jeti, na tofauti yake ni namna nguvu inavyopelekwa kwenye hewa. Kuna msafiri anayekataa kwenda Malindi au Ukunda kwa ndege ya namna hiyo, akisubiri jeti kubwa ambayo haitakuja, kwa sababu barabara za kurukia za viwanja hivyo haziwezi kuipokea. Njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa takriban mita 1,400, na ndege kama 737 iliyojaa huhitaji karibu kilomita mbili ili kuruka kwa usalama. Dash 8 ndiyo iliyoiwezesha kampuni ya nauli nafuu kufika Malindi, Ukunda na Lamu. Bawa lililo juu huyaweka mapanga mbali na kokoto. Mlango wake wa mbele hujifungua ukawa ngazi, kwa hiyo uwanja mdogo hauhitaji kununua daraja la abiria wala kukodi ngazi ya kukokotwa. Mgeni anayeshuka Manda, kisiwa chenye kiwanja cha Lamu, hutembea hatua chache, hupewa mzigo wake, na baada ya muda mfupi yuko kwenye mashua akivuka kwenda Lamu mjini. Uwezo wa kuifikia Lamu namna hiyo kwa nauli ya kadiri ulikuwa umekwisha kuamuliwa ndege ilipochaguliwa.

Upo upande mwingine wa kuwa na aina moja ya ndege, na huu naujua kwa machungu. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na ndege tano za aina tatu. Kila aina ilinunuliwa kwa sababu iliyoonekana nzuri wakati huo: hii ilipatikana kwa bei ya chini, ile aliipenda mkurugenzi, ya tatu ilikuja na mkopo. Jumamosi moja ya Desemba, msimu wa sikukuu, pampu ya haidroliki ya ndege moja iliharibika asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa zamu karakana. Nilikwenda ghalani na tochi, kwa kuwa taa ya upande ule ilikuwa imeungua, nikazikuta pampu mbili mpya ndani ya masanduku yake, zimefungwa kwa plastiki, zina vyeti vyote. Moja ilikuwa ya aina ya pili ya ndege na nyingine ya aina ya tatu. Tulikuwa na mali ya thamani kubwa rafuni na ndege yetu ikalala chini siku nne, mpaka pampu ilipofika kutoka Ulaya. Marubani wa zile ndege nyingine walikuwepo, lakini leseni zao hazikuwaruhusu kurusha ndege za wenzao. Nawakumbuka abiria wale, wengine na watoto wachanga, wamelala kwenye viti vya uwanja, na kampuni ikiwalipia nauli za mashirika mengine kwa bei ya sikukuu. Faida ya mwezi mzima ikaisha hapo.

Ndege ikiwa chini hailetei kampuni shilingi hata moja, na kodi ya kuikodi hailali. Southwest ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1971 na ambayo wengi huiita mama wa nauli nafuu, ilijenga kazi yake yote juu ya Boeing 737. Rubani yeyote anaweza kupangiwa ndege yoyote, tairi yoyote ya ghalani inafaa, fundi anazijua kasoro za aina ile kama mkulima anavyoyajua magugu ya shamba lake. Ukiwa na aina moja, ndege ikiharibika Kisumu unaweza kuleta nyingine kutoka Nairobi bila kubadilisha idadi ya viti, na hakuna abiria atakayeambiwa kwamba kiti chake kimepotea. Unaweza pia kuizungusha ndege upesi: itue, abiria washuke, isafishwe, wengine wapande, na ndani ya nusu saa hivi iwe inarudi. Ukiokoa dakika ishirini katika kila mzunguko, kwa siku ya mizunguko mingi umepata safari nzima ya ziada kutoka kwenye ndege ileile, kwa kodi ileile. Safari hiyo ya ziada ndiyo inayolipia zile tiketi chache za bei ya chini kabisa zinazotangazwa. Kuuza tiketi moja kwa moja kwa mteja, kumruhusu alipe kwa M-Pesa, na kumtoza mwenye mzigo mkubwa zaidi ya asiye na mzigo, yote hayo ni mazuri na yanasaidia, ila hayawezi kuiokoa kampuni iliyochagua ndege isiyofaa.

Tusidhani kwamba jambo hili limetukuta sisi peke yetu. Singapore Airlines ilipoanzisha Scoot mwaka 2012, ilimpa binti huyo Boeing 777 zilizokuwa zimetumika na mama. Kuanzia mwaka 2015 zikaanza kuondolewa na kuletwa 787 mpya, kwa sababu nauli nafuu ya safari ndefu haiwezi kubeba gharama ya mafuta ya ndege kuukuu. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Fastjet ilianza mwishoni mwa Novemba 2012 na Airbus A319, ikiruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Watu waliipenda sana, na nauli nyingine zilishuka kwa sababu yake. Lakini A319 ilikuwa na viti vingi kuliko njia nyingi za hapa zinavyoweza kujaza kila siku, na baadaye kampuni ikahamia Embraer 190 zilizo ndogo zaidi. Ilikuwa imechelewa, na madeni yalikuwa yamekwisha kuwa mengi. Mwishoni mwa 2018 huduma zake Tanzania zilifikia ukingoni. Mimi huwaambia vijana kwamba Fastjet iliipata sawa haja ya watu, na ikaikosea ndege.

Uko pia ugonjwa unaozipata kampuni tanzu peke yake, nao ni wa nyumbani. Mama anaweza kumchoka mtoto, au kumwonea wivu, au kufa naye. British Airways ilianzisha Go mwaka 1998, kisha ikaiuza mwaka 2001 kwa takriban pauni milioni 100, kwa kuwa ilionekana inachukua abiria wa mama. Mwaka uliofuata easyJet ikainunua kwa pauni milioni 374. Mango ya Afrika Kusini ilizaliwa na South African Airways mwaka 2006, ikawabeba watu wengi kwa miaka karibu kumi na mitano, lakini mama alipoanguka kwa madeni, binti naye alisimama mwezi Julai 2021. Nyote mnajua kwamba Kenya Airways nayo ilipitia wakati mgumu. Katika mwaka wake wa fedha uliokwisha Machi 2016 ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2, na mwaka huohuo ilibidi izikodishe baadhi ya ndege zake kubwa, 777 tatu kwenda Turkish Airlines na 787 mbili kwenda Oman Air.

Hapo ndipo ninapoona busara ya uamuzi wa Dash 8. Wakati mama anahangaika na ndege kubwa kuliko soko lake, binti alikuwa akipunguza ukubwa wa ndege zake na kuongeza idadi ya safari. Hakuburutwa chini. Na mwaka 2020 Allan Kilavuka, aliyekuwa ameiongoza Jambojet, alichukuliwa kwenda kuiongoza Kenya Airways yenyewe. Nadhani ni jambo jema mtoto anapokuwa na kitu cha kumfundisha mzazi. Ombi langu kwa wanaohusika ni kwamba binti aendelee kuachiwa uamuzi wake juu ya ndege. Siku atakapoambiwa apokee aina nyingine kwa sababu tu imezidi mahitaji ya nyumbani, tutakuwa tunarudi kwenye ghala lile la pampu mbili zisizofaa.

Nizungumzie kidogo safari za nje ya mipaka, kwa kuwa hapa Mombasa zinatugusa. Jambojet ilivuka mpaka kwa mara ya kwanza mwaka 2018 kwenda Entebbe. Septemba 2021 ikafungua njia ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda Goma, mashariki mwa Kongo. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa Goma aliyetaka kuja Nairobi alizoea kuvuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi ya Rwanda, kisha kwa gari hadi Kigali kupanda ndege. Njia ile iliwaunganisha watu wanaozungumza lugha moja na sisi, wanaonunua vitambaa na vipuri kwetu, na iliwezekana kwa sababu viti 78 vinaweza kujazwa na soko changa. Vita viliporudi kwa nguvu Januari 2025, uwanja wa Goma ulifungwa. Hakuna mpango wa ndege unaoshinda bunduki, lakini angalau kampuni haikuwa imenunua jeti kwa ajili ya Goma. Ndege ileile inaweza kuhamia njia nyingine bila shida. Kabla ya hapo, Julai 2024, ilikuwa imekuja njia ya Mombasa na Zanzibar. Ninyi nyote hapa mna shangazi, mjomba au mkwe Unguja. Safari ambayo kwa wengi ilikuwa ya kuzunguka hadi Nairobi au Dar es Salaam, au kukesha njiani kwa basi na kisha boti, imekuwa ya muda usiofika saa moja angani.

Kwa safari hizo za nje ya mipaka ndege inayofaa haitoshi. Kodi ya huduma ya abiria anayesafiri ndani ya Kenya imekuwa shilingi 600, na ya anayetoka nje ya nchi dola 50. Mtu anayekwenda Zanzibar, umbali mfupi kuliko wa Nairobi, hulipa dola zilezile anazolipa anayekwenda London. Na akirudi, upande wa pili nao una kodi zake. Uchaguzi mzuri wa ndege unaweza kupunguza gharama ya kiti kwa dola chache, kisha dola hizo zikamezwa mara kadhaa na kodi moja. Wenye hoteli mna sauti serikalini. Naomba muitumie katika hili, ili majirani wa Afrika Mashariki watozwe kama wasafiri wa nyumbani.

Na hapa nyumbani ushindani haujalala. Treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi ilipoanza mwaka 2017, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700, na hata baada ya kupanda hadi 1,500 mwaka 2024 bado hakuna ndege inayoweza kuishinda kwa bei. Sioni haja ya kuigombania. Abiria wa treni ana saa tano au sita za kutumia, na wa ndege ana mkutano saa nne asubuhi na anataka kulala kwake usiku. Kumhudumia huyo wa pili kunahitaji safari nyingi kwa siku, na safari nyingi kwa siku zinahitaji ndege ndogo. Ukileta ndege kubwa mara mbili kwa siku utamkosa yeye, na yule wa treni hutampata.

Sasa nigeukie mbele, na hapa ndipo vijana mnahitajika. Kiwanda cha Dash 8-400 huko Toronto kiliacha kuziunda mwaka 2021. Mwenye hati ya ndege hiyo, De Havilland Canada, anaendelea kuzihudumia zilizopo, na ziko nyingi duniani, kwa hiyo msiwe na wasiwasi kwamba zitakosa vipuri kesho. Lakini kampuni inayotaka kukua italazimika kukodi zilizokwisha kutumika na wengine, na kila moja huja na historia yake ya matengenezo ambayo lazima isomwe ukurasa kwa ukurasa. Njia nyingine ni kuhamia ATR 72 ya Toulouse, ambayo Precision Air ya Tanzania imeitumia kwa miaka mingi. Inakula mafuta pungufu kuliko Dash 8, nayo bado inaundwa, ila mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa, na katika siku yenye mizunguko mingi upungufu huo unaweza kuila safari moja. Mimi ningebaki na Dash 8 kwa muda mrefu iwezekanavyo, na siku ya kuhama ningehama na zote kwa mpango mmoja wa miaka michache, bila kuziacha aina mbili zikae pamoja milele.

Na kubaki nazo kunaweza kurahisishwa. Tazameni ramani ya eneo letu. Air Tanzania ilipokea Dash 8-400 zake mbili za kwanza za kizazi kipya mwezi Septemba 2016 na imeongeza nyingine tangu hapo. RwandAir inazo. Ethiopian inazo nyingi kuliko wote, pamoja na karakana ya kuzifanyia matengenezo makubwa na simulata ya kuwafunzia marubani huko Addis Ababa. Hivyo kutoka Dar es Salaam hadi Addis kuna ndege za aina moja, na bado kila kampuni inaweka ghala lake, inaagiza injini yake ya akiba, na inasubiri peke yake kipuri kutoka ng'ambo. Injini moja ya akiba inagharimu mamilioni ya dola. Ikiwekwa Nairobi kwa makubaliano ya pamoja, ingeweza kufika Dar es Salaam au Kigali siku hiyohiyo. Mkataba wa namna hiyo hauhitaji mkutano wa marais. Wakuu wa uhandisi wa kampuni hizo wanaweza kuuandika wenyewe, mradi mamlaka za usafiri wa anga zikubali kutambua vyeti vya wenzao. Nimelisema hili kwenye vikao vingi nikiwa kazini, na nimestaafu kabla halijafanyika. Wanafunzi, mtakapokuwa na ofisi zile, nawasihi mlianze na tairi na betri, ambazo ni rahisi, kabla ya kufika kwenye injini.

Nimetumia muda wangu wote, na naona mwenyekiti ameanza kuitazama saa. Yule mzee wa Malindi aliyekaa safu ya tatu amenyosha mkono tangu nilipozitaja zile mita 1,400, na ninadhani ana jambo la kusema kuhusu ardhi ya kurefusha uwanja na watu wanaoishi juu yake. Ningependa aanze yeye. Asanteni sana.